Ukuta mmoja wa Iringa: umfuate Goya, Dix, Picasso au Kollwitz?

Kila shule, ukumbi wa parokia au ofisi ya kijiji ikitaka kuchora historia ukutani, kuanzia Kalenga hadi Ifunda, kinachotoka ni kilekile: Mkwawa kainua mkuki, wapiganaji wamejipanga nyuma yake, na Mjerumani mmoja amelala kifudifudi miguuni. Sina ugomvi na Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivizia kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya watu wake, na hiyo ni habari ya kujivunia. Ila mchoro huo unaeleza asubuhi moja tu. Hautuambii kwamba wengi wa waliokufa upande wa Wajerumani walikuwa askari Waafrika wa kukodiwa. Haufiki Oktoba 1894, mizinga ilipoivunja ngome ya Kalenga, wala miaka minne iliyofuata ya kuwindwa porini, mpaka Mkwawa akajipiga risasi Julai 1898. Na nyumba zilizochomwa, na wanawake waliokimbia na watoto mgongoni, hao hawamo kabisa.

Basi tuseme kamati yako imepata ukuta, imechangisha hela ya rangi, na safari hii mnataka kuchora vita vyenyewe, si ushindi peke yake. Mtamfuata mchoraji gani? Wanne ndio hutajwa mara nyingi watu wanapozungumzia picha za vita: Francisco Goya wa Hispania, Otto Dix na Käthe Kollwitz wa Ujerumani, na Pablo Picasso. Nitaongeza wa tano, jirani yetu, aliyesimulia picha zake kwa Kiswahili.

Swali ninalowapimia wote ni moja: nani amebaki hai kwenye picha, na anafanya nini? Nalichagua kwa sababu maiti haina kiwewe. Majinamizi, hofu isiyo na sababu, ukimya wa miaka, hayo yote huwakaa waliorudi na waliowasubiri. Baba yangu mdogo alipigana vita vya Kagera. Amerudi 1979, ana mikono yake yote miwili, halafu wakipiga baruti kwenye machimbo ya kokoto anaacha chai mezani na kwenda kusimama nje mpaka mioyo yetu itulie, siyo wake. Mchoro wa vita usioweza kumweka mtu kama huyo ndani yake, kwangu umekosa nusu ya habari.

Goya: aliye kwenye foleni

Picha ya Goya inayojulikana zaidi, ya mauaji ya tarehe 3 Mei 1808, ilichorwa 1814, miaka sita baada ya askari wa Napoleon kuwapiga risasi watu wa Madrid waliokuwa wameasi. Macho huenda kwanza kwa mwanamume mwenye shati jeupe, mikono juu, mwanga wote wa ile taa kubwa ya chini ukiwa umemwangukia yeye. Wanaompiga risasi hawana nyuso. Tunaona migongo yao tu, mabegi na kofia, wote wameinama kwa pembe moja.

Lakini usiishie kwa yule wa shati jeupe, maana yeye baada ya sekunde hayupo. Mtazame anayepanda kilima katikati ya picha, yule aliyejifunika uso kwa viganja. Yupo kwenye foleni. Anasikia milio, anajua zamu yake inakuja, na hawezi kuangalia. Pale ndipo Goya alipoiweka akili ya binadamu iliyovunjika, na hakuhitaji tone la damu kuionyesha. Damu aliimwaga upande wa kushoto, chini, kwa wale ambao haiwasumbui tena.

Kazi yake nyingine, ambayo kwa mwalimu ina faida kuliko hiyo, ni ule mfululizo wa picha ndogo za kuchapwa kwa bamba la shaba uitwao Maafa ya Vita. Alizifanya kati ya 1810 na 1820, hakuzitoa hadharani akiwa hai, na toleo la kwanza lenye picha 80 lilitoka 1863, miaka 35 baada ya kufa kwake. Kila picha ina maneno machache chini. Moja inasema "Nililiona hili." Nyingine inasema haitazamiki: watu wamepiga magoti ndani ya pango, wanalia na kuomba, na kwenye ukingo wa kulia zinaingia ncha za bunduki peke yake. Hakuna askari. Ncha tu. Ukimpa mwanafunzi wa kidato cha pili penseli na kumwambia achore vita, atachora bunduki nzima, askari mzima na risasi inayoruka. Muonyeshe hii kwanza.

Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini kuna sababu ya ziada ya kumjali Goya. Sehemu kubwa ya katikati ya mfululizo huo haina vita kabisa. Ni njaa ya Madrid ya 1811 na 1812: watu wamekaa chini kwenye kona, mikono imenyooshwa, maiti zinapakiwa kwenye mkokoteni. Nasi tuna vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, ambavyo huku kusini njaa iliua kuliko risasi, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Songea tunakumbuka wapiganaji walionyongwa Februari 1906, na makumbusho yapo. Njaa haina sanamu, maana haina shujaa wa kusimamishwa juu ya nguzo. Goya alipata namna ya kuichora, na mchoraji wa Songea, Njombe au Mahenge angeanzia pale.

Dix: aliyerudi na kila kitu kichwani

Wengine waliviona vita au walisikia habari zake, Dix alivipigana. Aliingia jeshini 1914, akawa mpiga bunduki ya rashasha, akakaa kwenye mahandaki ya Ufaransa na kwingineko mpaka mwisho. Baadaye alieleza kwamba kwa miaka kadhaa aliota ndoto ileile: anatambaa ndani ya nyumba zilizobomoka, kwenye vijia ambavyo mwili haupiti. Mwaka 1924 alitoa picha 50 za kuchapwa, zikiitwa Vita. Alitumia asidi kulila bamba la shaba mpaka nyama ya maiti kwenye karatasi ionekane kweli imeoza. Unaona mafuvu yenye funza, farasi aliyepinduka, na askari wenye barakoa za gesi wanaokujia mbele kama viumbe visivyo na mama.

Kwa ukweli wa jicho, hakuna anayemshinda. Kwa ukuta wa Iringa, nasema hapana, na sababu yangu haitokani na uoga. Mwaka 1923 jumba la makumbusho la Cologne lilinunua mchoro wake mkubwa wa handaki lililojaa miili. Walilazimika kuuwekea pazia. Watu waligombana, mchoro ukarudishwa, na leo haujulikani ulipo. Sasa kama makumbusho ya mji mkubwa wa Ulaya yalishindwa kuuacha wazi, wewe utauweka kwenye bwalo ambapo watoto wanakula makande? Baada ya wiki moja watazoea, na kuzoea ndiko kubaya. Jicho la mtu likishiba maiti, halizioni tena.

Kuna kitu kimoja cha Dix ninachokiiba bila aibu. Kwenye mchoro wake wa vipande vinne wa 1929 hadi 1932, ulioko Dresden, kipande cha kati kina mita mbili kwa mbili za uozo mtupu. Lakini kipande cha kulia kinamwonyesha mwanamume anamburuta mwenzake aliyejeruhiwa kutoka kwenye moto, na uso wa huyo mwanamume ni wa Dix mwenyewe, umepauka kama majivu, unatutazama. Ndiye aliyebaki hai. Haonekani kushukuru. Huo uso peke yake unaweza kuchorwa popote, hata zahanati.

Wanazi walimfukuza kazi ya kufundisha 1933, kwa kuwa picha za namna hiyo zinawakera wanaojiandaa kwa vita vingine.

Picasso: kubwa, maarufu, na ngumu kuiga

Guernica, picha yake yenye jina la mji mmoja wa Hispania, ina karibu mita tatu na nusu kwenda juu na mita saba na robo tatu kwenda pembeni. Ndege za Ujerumani na Italia ziliulipua mji huo tarehe 26 Aprili 1937. Picasso alikuwa Paris, alisoma magazeti, na ndani ya wiki chache mchoro ukawa umekamilika, mweusi, mweupe na kijivu kama gazeti lenyewe. Waliobaki hai humo wengi wanapiga kelele: mama mwenye mtoto mfu, mwanamke ndani ya moto, hata farasi.

Kamati nyingi zitavutiwa na huyu kwa sababu ya jina. Tahadhari yangu: ukiiga mtindo wa Picasso bila mkono wa Picasso unapata katuni. Nimeona majaribio hayo kwenye kuta za mikoani, macho mawili upande mmoja wa pua, na wapita njia wanacheka. Kitu cha kuchukua kwake ni kuacha rangi. Nyekundu ikiondoka, mchoraji hawezi tena kujificha nyuma ya damu, inabidi achore mwili unavyojikunja.

Yanayobaki ya Picasso nayapita. Kwa ukuta wetu si yeye.

Kollwitz: mzazi

Huyu ndiye ninayempigia debe, kwa hiyo nitakaa naye kidogo.

Käthe Kollwitz aliishi Berlin, mumewe daktari katika mtaa wa watu maskini. Vita vilipoanza 1914 mwanao Peter alikuwa na miaka 18, na kwa umri huo alihitaji ruhusa ya baba ili ajiunge. Baba alikataa. Mama ndiye aliyemwombea kijana kwa baba, na ruhusa ikatoka. Oktoba mwaka huohuo Peter akauawa Ubelgiji.

Kila kitu alichokifanya baada ya hapo kinabeba jambo hilo. Mwaka 1921 na 1922 alichonga mbao saba za kuchapia, mfululizo nao ukaitwa Vita, kama wa Dix, lakini ndani yake hamna handaki, hamna bunduki, hamna adui. Kuna vijana wanaomfuata Kifo akipiga ngoma, na aliye karibu zaidi na ngoma ni Peter. Kuna mjane mjamzito aliyejikumbatia kwa mikono mikubwa kuliko kichwa chake. Kuna akina mama waliojifunga duara, watoto wanachungulia katikati ya mikono yao.

Na kuna ile ya Wazazi. Baba na mama wamepiga magoti, wameegemeana mpaka huwezi kusema mwili wa mmoja unaishia wapi. Baba kaziba uso kwa kiganja. Mama kichwa kimezama, uso hauonekani kabisa. Nyeusi tupu, na mistari michache meupe iliyokatwa kwa patasi kuonyesha mkunjo wa mgongo. Nyuso mbili, na hakuna hata moja tunayoiona. Niliichapisha A3 kwenye steshenari moja mjini, dada wa pale akailalamikia kwanza kwa kuwa inamaliza wino, halafu akaishika mkononi kimya, akauliza, "Kaka, hawa wamefiwa na mtoto?" Sikuwa nimemwambia jina la picha, wala mwaka, wala nchi. Hajui Ubelgiji iko wapi na hahitaji kujua. Anajua mama anavyokaa chini kwenye matanga.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Goya anahitaji maelezo ya Napoleon, Picasso anahitaji maelezo ya Picasso. Kollwitz anasomeka Kihesa, Makambako na Tukuyu bila mkalimani.

Sababu ya pili ni ya fundi. Alichonga kwenye ubao, na ubao ndio mali yetu. Paini za Mufindi zinashuka kutoka Sao Hill kila siku kwenye malori, na vipande vya kukatia unavipata kwa fundi seremala kwa bei ya soda au bure ukiwa na mdomo mzuri. Paini ni laini, patasi inaingia, ila ina tatizo lake: nyuzi ngumu na laini zimepishana, hivyo ukikata kwa kukatisha nyuzi ubao unamenyeka na kuacha makovu. Fuata nyuzi pale unapotaka mstari safi, na yale makovu yaache kwenye kivuli, yanafaa kabisa kwa nguo za mtu aliyefiwa. Paka wino wa matbaa kwa rola, weka karatasi juu, sugua kwa mgongo wa kijiko. Darasa zima linaweza kuchapa kwa wiki moja. Jaribu kufanya hivyo na Guernica.

Ya tatu inahusu haki. Ulaya nchi nyingi hulinda kazi ya msanii kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Kollwitz alifariki 1945, Goya 1828; hao wameshatoka. Dix alifariki 1969 na Picasso 1973, na warithi wao bado wana sauti. Kwa kuta za kijijini labda hakuna atakayekufuata, lakini ukitaka kutengeneza kalenda za kuuza, chagua kwa akili.

Kasoro yake ipo, nisimpambe mno. Kollwitz hatuambii nani alimuua Peter, wala kwa amri ya nani. Huzuni yake ni ya kila mtu, na huzuni ya kila mtu inaweza kumfunika mwenye kosa. Ukichora wazazi wa Kalenga 1894 kwa mtindo huo, mtazamaji anaweza kuondoka akidhani mizinga ilianguka yenyewe kutoka mbinguni. Hapo Goya anamzidi: zile ncha za bunduki kwenye ukingo zinakukumbusha kwamba kuna mtu upande wa pili.

Tshibumba, na maneno ndani ya picha

Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mchoraji wa mitaani wa Lubumbashi, Kongo. Alichora kwenye turubai za magunia ya unga, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichora historia yote ya nchi yake, zaidi ya picha 100, kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, huku akimsimulia kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Ndani ya picha aliandika maelezo kwa Kifaransa: nani, wapi, mwaka gani. Kwenye kifo cha Lumumba aliweka misalaba mitatu kwa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akapotea, habari zake zikakatika.

Watu wake hawana kiwewe usoni, nakubali. Amewachora wamesimama wima kama kwenye picha ya pasipoti. Lakini anatufundisha jambo ambalo Wazungu wale wanne, isipokuwa Goya, hawakulitegemea kwenye kazi nilizozitaja: andika. Mtazamaji wetu anasoma ukuta. Basi, lori na kibanda cha chipsi vyote vina maneno. Ukuta wa historia usio na tarehe unaonekana haujaisha.

Sasa chagua

Kama ukuta ni wa shule au ukumbi wa kanisa, mahali watu wanapokaa kila siku: Kollwitz, wazazi wawili tu, wakubwa, kwa nyeusi na nyeupe, nguo zikiwa za hapa. Msiige shali za Berlin. Juu kulia ingiza ncha tatu za bunduki, hiyo ni ya Goya, na chini andika kama Tshibumba: Kalenga, 30 Oktoba 1894. Mchanganyiko huo unaziba kasoro niliyoitaja. Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu, alipewa kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya, mwaka 1959, vita vya Mau Mau vikiwa bado vibichi, akachora maisha ya Yesu akiwa Mwafrika katika mazingira ya kule. Nadhani alifahamu kwamba waumini wangeketi mbele ya kuta hizo kila Jumapili, wengine wakiwa wamefiwa na upande mmoja na wengine na upande wa pili. Msishangae basi kamati ikikataa hata zile ncha tatu.

Kama ni darasa la historia au klabu ya wanafunzi: Goya, picha ndogo za Maafa ya Vita, zichapwe za nyeusi na nyeupe, mbili au tatu kwa kipindi. Zile za njaa zianze kabla ya zile za mauaji. Dix apewe kidato cha tano na sita, mezani, kwa mkono wa mwalimu, siyo ukutani.

Kama mchoro unakwenda makumbusho, mtu anapoingia kwa hiari yake na kutoka anapotaka, hapo Dix ana nafasi. Tena pazia si wazo baya.

Jambo moja la kukataa kabisa. Mrusi Vasily Vereshchagin alichora mwaka 1871 rundo la mafuvu jangwani, kunguru juu yake, na wachoraji wa kwetu wanaipenda hiyo kwa kuwa ni rahisi na inatisha. Iringa msichore rundo la mafuvu. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, lililokaa Ulaya zaidi ya nusu karne mpaka liliporudishwa 1954, na wajukuu zake wapo, tunasalimiana nao sokoni kamwene. Fuvu lenye jina na ukoo halifanywi pambo.

Kuhusu vifaa: ukuta wa nje piga lipu upya kabla ya kuchora, maana mvua za Februari haziheshimu sanaa, na miili ya hao wazazi ijazwe kwa rangi ya mafuta nyeusi isiyong'aa. Sehemu ya chini kabisa, kama nusu mita, iachwe nyeusi tupu na maneno yapandishwe juu yake. Wanafunzi wataegemea pale wakisubiri kengele, na rangi ya maji haivumilii migongo.